Sura ya Sita: Shamba Lenye Namba

Msimamishe mwanafunzi wa Kidato cha Pili pale stendi ya Nachingwea, umuulize habari za Kilwa. Atakumwagia zote bila kupumua: dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu, msikiti mkuu wa matumbawe, Ibn Battuta aliyetia nanga mwaka 1331, Wareno waliokipora kisiwa mwaka 1505. Amekariri, na sioni ubaya wake, maana mtihani uko mlangoni. Sasa muulize kwa nini sehemu ile nje kidogo ya mji inaitwa Farm 17. Atakutazama usoni aone kama unamtania. Inaitwa hivyo kwa sababu ndilo jina lake, basi. Hata mto una jina.

Nilipofika Nachingwea kufundisha historia, jibu langu lisingekuwa bora kuliko lake. Nilikuwa na shahada. Nilijua Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza mpaka majina ya waliobuni mashine za kusokota nyuzi. Sikujua kwamba njia niliyokuwa nikikatiza jioni kwenda kununua mihogo ya kuchoma ilijengwa katika mji uliokuwa na treni. Mji usio na reli hata kipande, nani angedhani?

Lawama siiweki kwa mwanafunzi, wala yote kwa mwalimu. Kwa miaka mingi historia ya sekondari Tanzania imefundishwa kwa Kiingereza, kwa mada zilizopangwa Dar es Salaam kwa ajili ya nchi nzima, na mtihani mmoja kutoka Bukoba mpaka Newala. Mtoto wa Nachingwea akitaka kuandika habari ya bibi yake, inabidi aisikie kwa Kimwera, aielewe kwa Kiswahili, kisha aiandike kwa Kiingereza, na katika kila kivuko mzigo fulani unaangukia majini. Siku hizi, kuanzia Kidato cha Kwanza, kuna somo jipya la lazima, Historia ya Tanzania na Maadili, nalo linafundishwa kwa Kiswahili. Ni kivuko kimoja kimepungua. Lakini kitabu cha nchi nzima kitabaki kitabu cha nchi nzima. Hakiwezi kujua kilichopo nyuma ya choo cha shule yenu.

Somo la kwanza nililofundisha bila kitabu likawa la hesabu. Niliandika ubaoni: 107 mara 30,000. Wakanung'unika, wakidhani nimekosea kipindi. Jibu lilipopatikana, 3,210,000, niliwaambia hizo ni ekari, na kwamba mwaka 1946 kuna watu waliokaa mezani wakaamua ekari zote hizo zilimwe karanga, nyingi zikiwa hapa hapa Tanganyika, na fungu kubwa kuliko yote likapangiwa kusini kwetu. Kisha nikawauliza: nyumbani kwenu mna ekari ngapi? Tatu, mwalimu. Mbili na nusu. Sisi nne, lakini moja ni mikorosho ya babu. Darasa likacheka, na katika kicheko kile nikajua wameshaanza kuelewa ukubwa wa wazimu wenyewe.

Kisa chake si kirefu. Uingereza ilikuwa imetoka vitani imeshinda, lakini mafuta ya kula na majarini yaligawiwa kwa kadi. Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, watengeneza sabuni na majarini, akaja na wazo kwamba karanga za Afrika zingemaliza shida ile. Serikali ya Waziri Mkuu Attlee ikamtuma John Wakefield, aliyewahi kuongoza idara ya kilimo Tanganyika, aje na wenzake kuangalia. Walizunguka wiki chache, wakarudi na ile hesabu ya vitengo 107, kila kimoja ekari 30,000. Mitambo ikakusanywa kutoka kwenye mabaki ya vita. Mengine yalikuwa matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru. Kongwa ndiko kulikoanza, na Kongwa ikawashinda mapema: mvua haba, na udongo ambao ukikauka hugeuka saruji.

Nachingwea mvua ilikuwa afadhali. Kilichokosekana ni namna ya kufika. Ili karanga zitoke huku ilibidi kwanza kuwe na reli, na ili reli iwe na maana ilibidi kuwe na bandari. Kwa hiyo wakachimba bandari ya kina kirefu Mtwara, na huku wakisubiri ikamilike wakajenga njia ya reli kutoka Mkwaya, kwenye ghuba ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Mji ukachorwa na mashamba yakapimwa, na kwa kuwa waliopima hawakuwa na muda wa kuuliza mahali panaitwaje, wakayapa namba. Januari 1951 London ikatangaza kwamba basi, imetosha. Pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimekwenda. Reli iliendelea kujikokota mpaka miaka ya mwanzo ya Uhuru, kisha ikafungwa, na vyuma vikang'olewa.

Vitabu vingi vinautaja mradi huu kwa aya moja, kama mfano wa mpango wa kikoloni ulioshindwa, halafu vinasonga mbele. Ukiwa Nairobi au Oxford, aya moja inatosha. Ukiwa umekaa ndani ya mji uliozaliwa na kushindwa huko, haitoshi hata kidogo. Bandari ya Mtwara, ambayo leo inabeba korosho zetu kwenda India na Vietnam, ilichimbwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Na karanga zenyewe hazikuondoka: mwaka 2009 watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walitoa mbegu kadhaa mpya za karanga wakazipa majina ya kusini, na mojawapo inaitwa Nachingwea. Inalimwa kwa jembe la mkono katika vishamba vya nusu ekari. Nilipowaambia wanafunzi hilo, mmoja alisema Waingereza wangesubiri kidogo tu.

Kipindi kile ndipo nilipoligundua swali linalofanya kazi kuliko yote. Ukiuliza "mradi ulishindwa kwa sababu gani?", utaletewa orodha ya hoja, moja mpaka tano, kama wanavyofundishwa kujibu pepa. Ukiuliza "nani aling'oa visiki?", darasa linanyamaza, kisha kuna anayesema babu wa mama yake alikuja huku kutafuta kazi, hakurudi kwao tena. Katika mji huu kuna Wamwera, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wangindo, na wengine ambao majina yao ya ukoo yanatoka mbali zaidi. Mtoto anaanza kujiuliza wao walikujaje. Hapo historia imeshaingia ndani ya nyumba, wala hukuisukuma.

Katikati ya miaka ya 1960 shamba namba 17 lilipata wapangaji wapya. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, kilihitaji mahali pa kufundishia wapiganaji karibu na mto Ruvuma lakini si karibu sana. Nachingwea ilikuwa na ardhi iliyokwisha safishwa na barabara zilizokwisha pasuliwa. Mitambo ya Attlee, bila kukusudia, ilikuwa imewatengenezea kambi watu waliokuja kumng'oa Mreno. Samora Machel alikuwa hapa, akiongoza mafunzo, kabla hajakuwa rais wa chama mwaka 1970 na wa nchi mwaka 1975.

Wavulana hupenda sehemu ya bunduki. Mimi hupenda kuanza na wasichana 25. Mwaka 1967 kundi la wanawake wa Msumbiji, kiasi cha 25, waliletwa Nachingwea kupewa mafunzo ya kijeshi na ya siasa, na ndio waliokuwa mbegu ya kikosi cha wanawake cha FRELIMO. Miongoni mwao alikuwa Josina Muthemba, aliyezaliwa Agosti 1945. Piga hesabu, alikuwa na miaka ishirini na kitu. Baadaye aliolewa na Samora. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na siku hiyo ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji mpaka leo. Sisi tarehe 7 Aprili tunapumzika pia, kwa sababu ya Mzee Karume aliyeuawa siku kama hiyo mwaka uliofuata. Watoto wangu walikuwa wameila sikukuu ile miaka yote bila kujua kwamba ng'ambo ya Ruvuma kuna wenzao wanaopumzika siku ileile kwa ajili ya msichana aliyejifunza kulenga shabaha kwenye shamba la jirani yao.

Mpaka hapo mwalimu anapendwa. Kila mtu anafurahi kusikia kwamba nyumbani kwake palikomboa nchi. Shida inaanzia mwaka 1975.

Mwaka huo, majuma machache kabla ya bendera ya Msumbiji kupandishwa, FRELIMO iliwakusanya Nachingwea watu iliowaita wasaliti. Kati yao alikuwa Uria Simango, mchungaji aliyekuwa makamu wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, mtu aliyekijenga chama tangu siku ya kwanza. Alisimamishwa mbele ya umati akasoma ungamo lake. Yeye na wenzake, akiwamo Joana Simeão na Lázaro Nkavandame, walivushwa kwenda Msumbiji, na baadaye wakauawa huko bila kufikishwa mahakamani. Hilo nalo lilitokea hapa. Ardhi ni ileile.

Nimeulizwa na walimu wenzangu kwa nini niwaambie watoto. Wengine waliniuliza kwa upole, mmoja kwa sauti ya kunionya. Jibu langu ni la kiutendaji zaidi kuliko la kishujaa: wazee wanajua. Ukimtuma mwanafunzi kwa mzee ukitegemea ataletewa sifa tupu, siku moja mzee atamwambia na lile jingine, naye atarudi darasani akuulize kwa nini wewe ulilificha. Baada ya hapo hata sifa ulizomwambia ataziweka mashakani. Afadhali niyaweke yote mezani, Josina na Simango, darasa lenyewe ligombane. Na liligombana kweli. Kuna aliyesema vita ni vita. Kuna msichana aliyeuliza mchungaji yule alikuwa na watoto au hakuwa nao, na hakuna aliyeweza kumjibu upesi.

Kuhusu hao wazee, niseme maneno machache kwa mwalimu anayetaka kujaribu, maana mimi nilikosea sana mwanzoni. Niliwatuma vijana na karatasi yenye maswali kumi. Walirudi na majibu ya neno mojamoja. Mzee ukimwendea na karatasi anakuona umetoka serikalini, umekuja kuandikisha kitu; na Nachingwea watu wameandikishwa vya kutosha, mara vijiji, mara korosho. Mara ya pili waliacha karatasi. Walitoa shikamoo, wakakaa mkekani, wakasaidia kubangua korosho au kuchambua mbaazi, na swali la kwanza walilouliza likawa la kawaida kabisa: babu, ulipoingia jandoni ilikuwa kabla ya uhuru au baada? Mzee haanzi na mwaka. Anaanza na rika lake, na njaa fulani, na mwaka watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Kazi ya mwanafunzi ni kuichukua kamba ile na kuifunga kwenye tarehe anazozijua. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo waliandika kwenye daftari kubwa usiku, kwa kibatari au kwa taa ya sola, na nadhani walikumbuka vizuri zaidi kuliko wangekuwa wamerekodi.

Wazee hawapatani. Kuhusu mahali reli ilipopita tulipata majibu matatu, kila mmoja akiapa. Sikuwaamulia. Tulikwenda porini Jumamosi moja na kamba na majembe mawili kutafuta tuta, na tulipolipata, limenyooka kama rula katikati ya mikorosho, nyasi zimeota juu, kulikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona nikifundisha Mapinduzi ya Viwanda. Mmoja wa wazee watatu alikuwa sahihi. Mwingine, ilionekana, alikuwa akizungumzia barabara ya matrekta. Wa tatu bado hakubali. Na niongeze kwamba muda si wetu: aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka reli ilipofika, leo amevuka 95. Wanaosimulia sasa walikuwa watoto waliokimbia kando ya behewa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, walitumia likizo kwenda vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji. Ripoti zao bado wanahistoria wanazirudia. Walifika wakati bado kuna watu waliokuwa vijana mwaka 1905. Wangesubiri miaka 15 zaidi wangekuta makaburi. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile, na ni yeye, si mwalimu wa historia, anayefanya watoto wengi wajue jina la mganga wa Ngarambe. Nawaonea wivu walimu wa fasihi.

Kisiwa cha Kilwa nilikiacha mwisho, ingawa silabasi inaanza nacho. Tulichanga fedha mwaka mzima, tukakodi basi, tukaondoka usiku. Ruangwa tulipita wanafunzi wakiimba Namungo, timu ya pale, kama vile wachezaji wangeamka kuwaitikia. Kuanzia Nanganga palikuwa pamekucha, nikageuza basi kuwa darasa. Hapa Nyangao, wamisheni walichomewa nyumba zao Agosti 1905. Jirani tu, Mahiwa, Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yaliuana kwa siku nne, na askari wengi waliokufa hawakuwa Waingereza wala Wajerumani. Walikuwamo Wanigeria walioletwa kutoka upande wa pili wa Afrika. Tulipokaribia Lindi niliwaonyesha upande wa Tendaguru, ambako kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria ilichimbwa chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani na kubebwa vichwani mpaka pwani, zaidi ya tani 200. Mmoja wao amesimama Berlin, kimo chake mita 13. Hawakuniamini mpaka dereva aliponiunga mkono.

Kilwa Masoko wengi waliiona bahari kwa karibu kwa mara ya kwanza. Walivishwa maboya, wakakaa kimya kwenye mashua kama wamo kanisani au msikitini. Kisiwani walitembea ndani ya Msikiti Mkuu wakigusa kuta, wakapanda Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wakaliona birika lake lenye pembe nane. Nilikuwa nimejiandaa kusimulia jinsi sarafu ya sultani huyo ilivyopatikana Zimbabwe Kuu, na nyingine za Kilwa zilivyookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Ni visa vitamu, huwa havikosi kuwashangaza watu.

Kijana mmoja hakushangaa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa birika, akauliza pembe zilizouzwa hapa zilibebwa na nani.

Nikaeleza nilivyojua. Kwamba misafara ilitoka bara, mpaka ziwa Nyasa, na Wayao walikuwa mabingwa wa njia hizo. Kwamba karne ya kumi na tisa, biashara ilipokuwa imehamia Kilwa Kivinje, pembe na mbeba pembe vyote viliuzwa. Kwamba mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta watu waliokombolewa utumwani akawaweka Masasi, jirani zetu kabisa, na baadhi ya vizazi vyao tunapanda nao mabasi. Nilipofika hapo niliona wawili au watatu wametazama chini. Kuna mambo nyumbani huwa hayasemwi, nani alinunua na nani alinunuliwa, na sikuwa na haki ya kuyafukua mbele ya wenzao. Nikaishia pale.

Kwenye mashua ya kurudi yule kijana alikuwa na daftari magotini. Alikuwa amepima kwa rula kwenye ramani ya atlasi: Nachingwea mpaka Kilwa, kilomita 180 hivi, mstari ulionyooka. Mtu mwenye pembe begani, alikadiria, atatembea 20 kwa siku. Akaandika siku tisa. Mwenzake akamwambia njia hainyooki, na msafara lazima ufuate maji. Wakabishana kuhusu mito, ipi hukauka na ipi haikauki, mpaka mashua ilipogusa gati. Alifuta tisa, akaandika 13, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.